Maswali ya Wasomaji: Kutoka Kitabu cha Harusi hadi Kitabu cha Forodha

Barua nne nilizozichagua mwezi huu zimeandikwa na watu wasiofahamiana, kila mmoja akiwa na haja yake, lakini zote zinahusu vitabu vya maarifa, yaani vile visivyo vya hadithi za kubuni. Nimezijibu kwa urefu unaolingana na uzito wa kila moja.

Swali. Shikamoo. Mimi ni binti wa Tanga, nina miaka 26, na harusi yangu imebakiza miezi mitatu. Mama wadogo na mashoga zangu wameniletea vitabu vinne vya mawaidha ya ndoa. Kimoja kinasema mke asiwe na akiba ambayo mumewe haijui, kingine kinasema kila mtu awe na fedha zake, na kimoja kimetafsiriwa kutoka Marekani na kinaeleza mambo ambayo kwetu hayapo. Somo wangu, yaani kungwi anayenifunda, anasema niviweke vyote kando nimsikilize yeye. Nisome kipi? — Bibi harusi mtarajiwa.

Jibu. Marahaba, mwanangu, na hongera. Usiviweke kando, na somo wako usimwache. Linalokutatiza ni kwamba chini ya jina moja la "kitabu cha ndoa" umeletewa vitabu vya aina tofauti, na ukivisoma kana kwamba vyote vinajibu swali moja, lazima vitagombana mikononi mwako.

Kuna kitabu cha mila, ambacho hueleza watu walivyokuwa wakifanya. Mfano bora tulio nao ni Desturi za Waswahili cha Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Bagamoyo aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na ambaye maandishi yake yalichapishwa Ujerumani mwaka 1903. Humo utakuta posa, mahari, kazi ya kungwi na mwenendo wa harusi katika mrima, yaani pwani ya bara, wa enzi hizo. Mwandishi hakuamrishi ufanye vivyo hivyo. Anashuhudia alichokiona na kukisikia, na ushahidi huo utakusaidia kuelewa kwa nini wazee wako wanashikilia jambo fulani wakati wa posa.

Kuna kitabu cha nasaha, ambacho ni sauti ya mtu mmoja akimshauri mwingine. Mwana Kupona binti Msham alipotunga utendi wake mwaka 1858, alikuwa mgonjwa, mjane wa Bwana Mataka aliyetawala Siyu, na aliyemwusia ni binti yake mwenyewe. Ukiyajua hayo, unaelewa kwamba yale ni maneno ya mama anayehofu kumwacha mwanawe katika nyumba ya watu wakubwa, ndani ya jamii ya Kiislamu ya visiwa vya Pate na Lamu ya wakati wake. Uzito wake unatokana na mapenzi hayo, wala haudai kuwa kanuni kwa kila mke wa kila zama. Vitabu vyako vinavyobishana juu ya akiba ni vya kundi hili: kila mwandishi anasema kutokana na ndoa alizoziona. Msikilize kama unavyomsikiliza shangazi, ukijua kwamba shangazi mwingine atasema kinyume chake.

Halafu kuna kitabu cha sheria, ambacho nina hakika hakimo katika zawadi zako, nacho ndicho ningependa ukisome kwanza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatumika Tanzania Bara kwa ndoa za Kiislamu, za Kikristo, za kimila na za kiserikali. Ndani yake utaona kwamba kufunga ndoa peke yake hakubadilishi umiliki wa mali ya mume wala ya mke, kwamba mke ana haki ya kupata, kumiliki na kuuza mali kama mume, kwamba nyumba ya ndoa haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza, na kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpiga mwenzake. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Kwa hiyo kitabu kinachokukataza kuwa na akiba yako kinatoa nasaha, ambayo wewe na mwenzako mnaweza kuikubali au kuikataa mkiwa mmeketi pamoja. Lakini kikikuambia kwamba ndivyo sheria isemavyo, kimekosea. Muhimu zaidi, kikihalalisha kipigo, kifunge.

Ndiyo maana nawaomba wasomaji wangu, kabla ya sura ya kwanza, wafunue ule ukurasa ulio nyuma ya ukurasa wa jina, wenye hakimiliki, mji na mwaka wa kuchapishwa. Wengi huupita kama vile si sehemu ya kitabu. Kitabu cha sheria ya ndoa kilichochapishwa Nairobi hakitakufaa Tanga, kwa kuwa Kenya ina Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 na Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013. Mtu wa Unguja naye hataegemea ile ya 1971, kwa kuwa kule masuala ya ndoa za Waislamu huamuliwa na Mahakama ya Kadhi. Hata kilichochapishwa Dar es Salaam kabla ya mwaka 2016 hakiwezi kukueleza kwamba Mahakama Kuu ilivitamka vifungu vilivyoruhusu wasichana kuolewa kabla ya miaka 18 kuwa vinapingana na Katiba, uamuzi ambao Mahakama ya Rufani iliuthibitisha mwaka 2019.

Kile cha Marekani usikitupe. Hutakuta humo mshenga wala mahari, na wazazi huonekana kama wageni waalikwa, ilhali kwetu posa hupokewa na ukoo. Sura zinazofundisha namna ya kuzungumza juu ya fedha na madeni kabla ya kufunga ndoa ndizo huwa na faida, kwa sababu jambo hilo huku kwetu tunaliogopa, tukalifikia likiwa limeshaharibika. Zisome hizo, nyingine uzipite. Na mambo ya unyago, ya mwili na ya chumbani, mwulize somo wako. Vitabu vingi vya mawaidha nilivyovisoma huyazunguka kwa maneno ya mafumbo, naye atakujibu ana kwa ana.

Swali. Mimi ni mfanyabiashara, nanunua vitunguu na maharage Tanzania na kuvuka navyo Namanga. Kila mara nasikia habari za soko la pamoja, ushuru wa pamoja, na sasa soko huru la Afrika nzima, lakini nikifika mpakani nategemea maneno ya wakala. Nilinunua kitabu cha sera ya biashara, nikashindwa ukurasa wa tano. Je, kuna namna ya kukisoma mtu wa elimu ya sekondari kama mimi? — Mama wa vitunguu, Arusha.

Jibu. Namna ipo, dada yangu. Kitabu cha sera ya biashara hakikuandikwa ili kisomwe kutoka mwanzo hadi mwisho kama riwaya. Kianzie nyuma, kwenye faharasa. Tafuta maneno yanayokuhusu: uasili wa bidhaa (yaani nchi ilikozalishwa), mazao ya kilimo, biashara ndogo za mpakani. Soma kurasa hizo tu, mara mbili, ukiwa na kalamu. Kisha rudi kwenye yaliyomo uone sura hiyo inasimama wapi katika hoja nzima. Kitabu cha maarifa kisicho na faharasa hunitia shaka, kwa kuwa mwandishi amemnyima msomaji mlango wa nyuma, na wasomaji wenye haja kama yako huingilia mlango huo.

Ili kitabu chochote kisikuzidi, shika kwanza mifupa ya jambo lenyewe. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza iliundwa mwaka 1967 ikavunjika mwaka 1977. Hii ya sasa ilizaliwa kwa mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Umoja wa Forodha ulianza mwaka 2005 na Soko la Pamoja mwaka 2010. Umoja wa Forodha una pande mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Upande wa ndani, bidhaa iliyozalishwa katika nchi mwanachama huvuka kwenda nchi nyingine mwanachama bila ushuru wa forodha, mradi uasili wake uthibitishwe. Upande wa nje, bidhaa inayotoka nje ya Jumuiya hutozwa ushuru wa pamoja: kwa kawaida asilimia 0 kwa malighafi, 10 kwa bidhaa zilizosindikwa nusu, 25 kwa zilizokamilika, na tangu Julai 2022 kiwango cha nne cha asilimia 35, mbali na bidhaa chache nyeti kama mchele na sukari ambazo hutozwa zaidi.

Vitunguu na maharage yaliyolimwa Tanzania yako upande wa ndani. Mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani unaweza kupewa cheti rahisi cha uasili hapo hapo mpakani. Kumbuka tu kwamba kutolipa ushuru hakumaanishi kutokuwa na karatasi: cheti cha afya ya mimea bado kitadaiwa, na hapo ndipo wafanyabiashara wengi hukwama, wakadhani wamedhulumiwa ushuru, wengine wakaishia njia za panya ambako hupoteza mzigo wote. Kitabu kinachotenganisha vizuri mambo haya mawili, ushuru na masharti yasiyo ya ushuru, kina thamani kwako kuliko kinachosifu utangamano kwa kurasa mia tatu.

Kuhusu Eneo Huru la Biashara la Afrika, mkataba wake ulisainiwa Kigali mwezi Machi 2018, ukaanza kuwa na nguvu tarehe 30 Mei 2019, na biashara chini yake ikafunguliwa rasmi Januari 2021. Kwa safari zako za Namanga, kanuni za Jumuiya ndizo zinazokugusa kila siku.

Mwaka wa kuchapishwa, niliomweleza binti wa Tanga, kwako una uzito hata zaidi. Viwango vya ushuru hutazamwa upya kila mwaka wa bajeti, hivyo usichukue tarakimu kutoka kitabuni na kwenda nayo mpakani; chukua kitabuni maana ya maneno, na tarakimu uzipate kwa maofisa wa forodha. Hata hivyo, kitabu kikuukuu kinachoeleza kwa nini Jumuiya ya kwanza ilivunjika, pamoja na manung'uniko kwamba viwanda na faida vilielemea upande mmoja, hakijazeeka hata kidogo. Ukikisoma utaelewa kwa nini nchi zetu bado zinaoneana shaka kila mahindi au maziwa yanapozuiwa mpakani.

Naongeza neno moja kwa wachapishaji wetu, kwa kuwa barua hii imenigusa. Maelfu ya kina mama huvuka mipaka yetu wakizungumza Kiswahili kuanzia shambani hadi sokoni, ilhali vitabu vinavyoeleza sera inayowaongoza vimeandikwa kwa Kiingereza cha vyuo vikuu. Mkataba wenyewe wa Jumuiya, katika ibara ya 137, unataka Kiswahili kiendelezwe kiwe lugha ya mawasiliano ya Jumuiya. Kijitabu cha kurasa 60, chenye mifano ya vitunguu na mitumba na chenye faharasa, kingewafaa wengi kuliko ripoti nzito zinazojaza makabati.

Swali. Nasimamia maktaba ya shule ya sekondari. Tumepewa msaada wa vitabu vya kila namna, kuanzia mapambo ya harusi hadi uchumi wa kimataifa. Nilivitenga "vya kina mama" na "vya wasomi". Mkuu wa shule hakuridhika. Nivipange vipi? — Mwalimu, Morogoro.

Jibu. Mwalimu, mkuu wako ana haki. Katika mfumo wa Dewey, unaotumiwa na maktaba nyingi tangu ulipochapishwa mwaka 1876, mila za ndoa ziko namba 392 na biashara ya kimataifa iko 382. Zote ni sayansi za jamii, na huenda zikakaa rafu moja. Kitabu kinachochunguza ndoa na familia katika jamii kitakwenda 306, na cha sheria ya ndoa 346. Vipange kwa mada, kamwe si kwa msomaji unayemdhania, kwa sababu mvulana atakayekuwa mume anahitaji 346 sawa na msichana, na msichana atakayekuwa mfanyabiashara anahitaji 382. Kwa vitabu vya sheria na vya biashara, bandika mgongoni karatasi ndogo yenye mwaka wa kuchapishwa, ili mwanafunzi auone kabla hajanakili.

Swali. Nimesoma riwaya na mashairi maisha yangu yote. Mjukuu wangu wa miaka 15 anasema hadithi ni uongo, anataka mambo ya kweli tu. Nimpe nini? — Babu, Mombasa.

Jibu. Shikamoo, mzee wangu. Mpe wasifu. Shaaban Robert, ambaye bila shaka unamjua kwa mashairi, aliandika pia maisha ya Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba huko Unguja aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake kwenye santuri. Kila jambo humo lina mahali na wakati wake, kama mjukuu wako anavyotaka, lakini kalamu ni ya mshairi. Akimaliza, mwulize ni sehemu zipi mwandishi aliziona kwa macho yake na zipi alisimuliwa, kisha umwache akutafutie jibu kitabuni.