TV ya inchi 32 au 43 kwa pesa hiyo hiyo?

Dadangu, umeuliza uchukue TV ya inchi 43 ya jina usilolijua au 32 ya kampuni yenye fundi mjini. Chukua 32. Kochi lako liko mita mbili tu kutoka ukutani, inatosha kabisa. Usilipie TV ya smati kama nyumbani hakuna intaneti. Hakikisha tu ina king'amuzi cha DVB-T2 ndani (mfumo wa matangazo ya dijitali ya antena), uweke antena upate stesheni za bure. Ukifika Luthuli Avenue, barabara ya maduka ya elektroniki Nairobi, usibebe boksi lililofungwa. Iwashwe mbele yako, iwekwe picha nyeupe tupu, kisha nyeusi: doa au mstari utauona palepale. Waranti iandikwe kwenye risiti. Na tafadhali bakisha hela ya gadi ya TV, kifaa cha kuikinga na umeme mkali: stima ikirudi kwa nguvu huunguza saketi.