Kupakia kodi ya Java moja kwa moja kama moduli ndani ya OSGi

OSGi, mfumo wa kuendesha programu za Java zilizogawanywa katika moduli (zenyewe huitwa bundle), haijui faili za .java. Inachokijua ni JAR, yaani kifurushi cha klasi zilizokompailiwa, yenye manifesti, faili la vichwa vinavyoieleza moduli. Ukitaka folda ya kodi igeuke moduli bila kupitia zana za kujengea programu kama Maven au Gradle, katikati lazima pawe na kitu kinachosoma kodi, kuikompaili kwenye memori na kuikabidhi fremuweki kama JAR ya kawaida. Mahali pake ni huduma ya URL: sajili URLStreamHandlerService yenye sifa url.handler.protocol=kodi, kisha ita installBundle("kodi:file:/kazi/salamu"). Fremuweki itaifungua URL hiyo yenyewe, na kila utakapoita update() itaifungua upya.

Kompaila huipata kwa ToolProvider.getSystemCompiler(). Ikirudisha null, mashine inaendesha Java isiyo na jdk.compiler (hii ni moduli ya Java yenyewe, si ya OSGi). Weka JDK kamili, au beba kompaila ya Eclipse, ECJ, ndani ya moduli yako.

Wengi hukwama hatua inayofuata. Kompaila hutafuta klasi kwenye classpath, na classpath ya mfumo wa OSGi mara nyingi ina JAR ya fremuweki peke yake. Moduli zote zilizosakinishwa hazionekani, kwa hiyo utaambiwa "package org.mfano.hesabu does not exist" ilhali moduli yenyewe iko hai mbele ya macho yako. Usijaribu kuziba pengo hili kwa kurundika JAR kwenye classpath. Utakompaili na toleo moja, uendeshe na jingine.

Rithi ForwardingJavaFileManager, klasi inayomzunguka meneja wa faili wa kompaila, na uandike upya list(). Ukiulizwa pakeji, tafuta moduli inayoitoa kupitia BundleWiring.getCapabilities("osgi.wiring.package"), kisha orodhesha klasi zake kwa listResources("/org/mfano/hesabu", "*.class", BundleWiring.LISTRESOURCES_LOCAL). Pakeji za JDK yenyewe mwachie meneja wa asili. Onyesha zile tu zilizo kwenye Export-Package, kichwa cha manifesti kinachotaja pakeji ambazo moduli inawapa wengine: ukionyesha na za ndani, kodi itakompailika vizuri, halafu moduli ikatae kuunganishwa. Andika upya inferBinaryName() pia, irudishe org.mfano.hesabu.Jumla bila .class, maana meneja wa asili hazitambui faili ulizoziunda wewe na atatupa kosa.

Manifesti ina mtego wake, na ni wa kimya kabisa. Ukitumia klasi ya java.util.jar.Manifest ukasahau kuweka Manifest-Version: 1.0, vichwa vingine vyote vya sehemu kuu haviandikwi, na hakuna kosa linalotokea. Unabaki unashangaa moduli isiyo na jina. Baada ya hicho weka Bundle-ManifestVersion: 2, Bundle-SymbolicName, Bundle-Version na Import-Package (pakeji ambazo moduli inazihitaji kutoka kwa wengine).

Import-Package usiikokotoe kwa kusoma mistari ya import. Klasi inaweza kutajwa kwa jina lake refu katikati ya kodi, au ikaja kupitia klasi mama. Pitisha baiti zilizokompailiwa kwenye bnd, maktaba ya kuchambua klasi na kuunda manifesti za OSGi, ikutolee orodha pamoja na masafa ya matoleo kama [1.2,2). DynamicImport-Package: * inavutia kwa sababu inanyamazisha makosa yote, lakini inayaahirisha tu hadi programu iwe kazini. Iepuke.

Kuna sababu nyingine ya kutumia bnd. Anotesheni ya @Component, inayotangaza kuwa klasi inatoa huduma, haisomwi wakati programu inaendeshwa. Bnd ndiyo huigeuza kuwa faili la XML ndani ya OSGI-INF na kuongeza kichwa cha Service-Component. Bila hatua hiyo moduli itaonyesha ACTIVE, na huduma yake haitaonekana popote.

Kompaili ikishindikana, tupa IOException yenye jina la faili, namba ya mstari na ujumbe kutoka DiagnosticCollector, klasi inayokusanya makosa ya kompaila. Hapo update() itashindwa na toleo la zamani litabaki mahali pake. Ikifaulu, ita refreshBundles() ya FrameworkWiring. Usipofanya hivyo, moduli zinazotegemea pakeji hizo zitaendelea kushikilia klasi za zamani.

Na ruhusa ya kuandika kwenye folda ya kodi mpe mtumiaji mmoja tu wa mfumo, kwa kuwa kila faili linaloingia humo linaendeshwa kwa mamlaka yote ya programu yako.