Deni lililoniumiza lilikuwa la laptopu

Wiki hii mmeuliza hivi: mtu akikopa asome digrii ya kompyuta, mshahara utamtoa kwenye deni au amejifunga kamba mwenyewe? Mi hiyo kozi nimeisoma, mtoto wa Busia hapa mpakani, upande wa Uganda, mama anauza mukene, nyie wa pwani mnaita dagaa, na mkopo bado nalipa mpaka leo, kwa hiyo nawapa hesabu zangu kama zilivyo.

Nilipata mkopo wa serikali, huu uliokuja na sheria ya 2014. Unalipia ada ya chuo na zile ada ndogondogo, kula na kulala utajijua mwenyewe. Ada ya semista moja ilikuwa shilingi za Uganda milioni moja na nusu, mara sita, milioni tisa. Watu wakisikia milioni tisa wanashika kichwa lakini wallahi hiyo ndo ilikuwa sehemu nyepesi, maana hawakudai chochote ukiwa darasani, ukimaliza unapewa mwaka mmoja wa kupumua, halafu muda wa kulipa ni mara mbili ya miaka uliyosoma, kwangu miaka sita, ukigawa inakuja kama 125,000 kwa mwezi kabla ya riba.

Balaa ilikuwa laptopu. Mwaka wa kwanza nikajidanganya ntatumia kompyuta za maabara ya chuo, kumbe tuko zaidi ya mia tunagombania mashine thelathini na nusu yake hazishiki intaneti, umeme ukikatika programu uliyoiandika tangu asubuhi imeenda. Nikampigia mama simu. Hakuniuliza maswali mengi, akaenda kwenye kikundi chao cha sokoni akakopa laki nane, riba kumi kwa mia kila mwezi, laptopu ya mtumba ikafika na basi la jioni. Sasa sikilizeni. Kila mwezi mama anapeleka 80,000 ya riba na zile laki nane zenyewe hazijaguswa, mwezi unaofuata tena 80,000, hivyo hivyo miezi kumi na minne, mpaka akauza mbuzi watatu akachanganya na pesa ya mtaji wa samaki ndo akamaliza. Piga mwenyewe: laptopu ya laki nane ilikula 1,920,000. Na mimi nilikuwa sijui, nimekaa hosteli Kikoni, Kampala, nakula rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, najua deni langu ni lile la serikali tu. Nimekuja kuambiwa na shangazi kwenye msiba.

Haya, mshahara. Ule mwaka wa kupumua karibu wote niliumalizia kwenye inteni, yaani mafunzo ya kazi, kampuni moja mjini wananipa 300,000 kwa mwezi eti ya usafiri, miezi kumi na moja, kazi nafanya kama wenzangu wa mkataba. Baadaye nikapata kazi kwenye sacco moja, chama cha kuweka na kukopa, natunza mfumo wao wa hesabu na printa zao zisizoisha kuugua. Tangazo liliandika wazi digrii ya kompyuta, walioomba na cheti hata hawakuitwa, hapo digrii ilinifungulia mlango, sikatai. Milioni moja! Busia walipiga vigelegele. Lakini kodi ya mshahara inachukua 202,000, yaani 25,000 ya zile 410,000 za kwanza, na kila kinachozidi hapo kinakatwa asilimia 30, NSSF, akiba ya uzeeni, 50,000, mkononi zinafika 748,000. Toa ile 125,000 ya mkopo, toa chumba Kireka, pembeni mwa Kampala, 250,000, toa taksi, yaani matatu, kwenda na kurudi, toa ya mama. Hapo sijanunua bando la intaneti, na bando nayo tangu Julai 2021 ina kodi yake ya asilimia 12.

Najua kuna mtu atasema mbona fulani amekaa Ntinda, mtaa wa wenye nazo Kampala, anawafanyia kazi wazungu analipwa dola. Wapo, darasani kwetu nawajua wawili, na mmoja ameshajenga, Mungu ambariki. Ila nakumbuka pia 2019 Andela, kampuni inayowatafutia waandika programu kazi za nje, ilivyopunguza madevelopa wachanga Nigeria na hapa Uganda, wale wale tuliokuwa tunawaonea wivu. Halafu Januari 2021 wakati wa uchaguzi intaneti ikazimwa siku kadhaa nchi nzima, yule wa pili mteja wake akamtafuta weee, kimya, iliporudi kazi ameshapewa mtu wa nchi nyingine. Kwa hiyo ukikaa na mzazi kupiga hesabu ya mkopo muache huyo wa Ntinda pembeni, anza na 300,000 ya inteni, uone kama mtavuka huo mwaka.

Jibu langu basi: kwa mkopo wa serikali inalipa, polepole lakini inalipa, ningerudi ningeomba tena. Kwa pesa ya riba ya kila mwezi hailipi hata kidogo, mama ndo anayelipa, na deni lake halina fomu wala mwaka wa kupumua.

Mdogo wangu anaingia chuo mwaka huu, kozi hiyo hiyo, nimeshindwa kumbadilisha. Fomu ya mkopo tumejaza pamoja. Ya laptopu namwekea mimi, mpaka sasa 350,000 ziko kwenye simu yangu, na nimemkataza kabisa kulitaja neno laptopu mama akiwa karibu.