Kuvua na Kurudisha Samaki Mto Rufiji: Panga Safari Yako kwa Ajili ya Dakika Moja

Safari yetu ya kwanza ya kuvua samaki na kuwarudisha mtoni iliharibika ndani ya dakika tatu, na iliharibika wakati kila mmoja wetu akiwa na furaha. Tulikuwa watu tisa kutoka Dar es Salaam, familia na marafiki, katika boti mbili kwenye Mto Rufiji, chini kidogo ya kijiji cha Mloka. Shemeji yangu alikuwa wa kwanza kunasa taigafishi, samaki wa rangi ya fedha mwenye mistari myeusi ubavuni na meno yanayoonekana hata akifunga mdomo, akavutana naye kwa muda mrefu kwa sababu mshipi aliopewa ulikuwa mwembamba. Alipompandisha botini, alimshika akapigwa picha, kisha akampa rafiki yake naye akapigwa picha, kisha boti ya pili ikasogezwa ili watoto wamwone, na mtu mmoja akaomba asubiriwe kidogo kwa kuwa simu yake ilikuwa imejaa na ilimbidi afute picha za zamani. Samaki aliporudishwa majini alilala ubavu, akapinduka, tumbo jeupe likatazama juu, na mkondo ukamchukua taratibu mpaka furukombe aliyekuwa juu ya mti wa ng'ambo akashuka na kumbeba. Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minane, aliniuliza, "Mama, si mlisema tunamrudisha?"

Tumekwisha kurudi Rufiji mara tatu tangu siku ile, na ninayoyaandika hapa nimeyajifunza kwa kutafuta jibu la swali lake. Ushauri wangu mkubwa ni huu: ukiamua kwamba samaki watarudishwa, basi safari nzima, tangu vifaa, msimu, mwongozaji, hata mpangilio wa watu botini, ipangwe kwa ajili ya ile dakika moja ambayo samaki atakuwa mikononi mwenu. Mambo mengine yote yanaweza kurekebishwa mkiwa njiani, lakini dakika hiyo hairekebishiki.

Sababu yake inaeleweka vizuri. Samaki aliyevutana na mshipi amechoka kama mtu aliyekimbia mbio ndefu bila kupumzika, na kinachomrudishia nguvu ni maji yanayopita kwenye matamvua yake. Ukimtoa nje, matamvua yananyauka na kushikamana, na anabaki bila pumzi wakati ule ule anapoihitaji zaidi. Watafiti wa Kanada walichapisha mwaka 1992 matokeo ya jaribio walilowafanyia samaki aina ya trauti: miongoni mwa waliochoshwa lakini wakaachwa ndani ya maji, asilimia 12 walikufa, miongoni mwa waliochoshwa kisha wakakaa hewani kwa sekunde 30, walikufa asilimia 38, na waliokaa hewani kwa sekunde 60, asilimia 72. Trauti ni samaki wa maji baridi na Rufiji ni mto wa joto, kwa hiyo sizihamishi tarakimu hizo kama zilivyo, ila ikumbukwe kwamba maji ya joto hubeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi, jambo ambalo haliwapi samaki wetu nafuu yoyote.

Sisi watu wa Dar tunadanganywa na kambale. Tumezoea kumwona sokoni akijipindapinda ndani ya beseni kwa muda mrefu, naye anaweza kwa sababu ana kiungo cha ziada cha kupumulia hewa, na hivyo tunadhani samaki wote ni wagumu kiasi hicho. Taigafishi pamoja na ukali wake wote hana kiungo hicho, na kati ya samaki tuliowahi kuwanasa sijaona anayedhoofika upesi kuliko yeye.

Makubaliano yafanyike nyumbani kabla ya kufungasha, na wazee wawepo. Baba mkwe wangu ni Mndengereko aliyekulia Ikwiriri, na utotoni alivua kwa mshipi wa mkono ili nyumbani wapate kitoweo. Nilipomweleza mpango wetu alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mama Salma, samaki Mungu amekupa, unamrudisha ukamwambie nini?" Hilo ni swali la haki kabisa, na ninawasihi mnaoandaa safari kama hizi msilijibu kwa juujuu. Nilimweleza kwamba tunakwenda watu tisa kwa ajili ya kufurahi, kwamba mto ule unalisha vijiji vizima, na kwamba haingependeza sisi wenye mishahara mjini twende tukawapunguzie samaki wanaowahitaji kuliko sisi. Nikamwahidi kwamba kitoweo cha safari nzima tutakinunua kwa wavuvi wa kijijini. Alikubali, na tangu siku hiyo yeye ndiye anayekwenda alfajiri mtumbwi unapofika, kuchagua perege na kupatana bei kwa Kindengereko. Napendekeza kila familia ifanye hivyo, kwa maana kijiji kinachoona wageni wakiwarudisha samaki majini na kuondoka bila kununua chochote kina sababu ya kuwashangaa.

Kuhusu mwongozaji, msimchague kwa picha za samaki wakubwa. Mpigieni simu mumuulize mambo matatu: anawatoaje samaki majini, anatumia ndoana za aina gani, na boti yake ina jaketi okozi za saizi ya watoto. Mwenye ujuzi atayajibu papo hapo na kwa undani, wakati asiye na ujuzi atarudia kuwahakikishia kwamba samaki ni wengi. Muulizeni pia habari ya vibali. Chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, kuvua bila leseni ni kosa, na uvuvi wa burudani haujasamehewa, kwa hiyo ofisa uvuvi wa wilaya ndiye wa kuulizwa mapema. Mkivuka na kuingia Hifadhi ya Taifa Nyerere, iliyoanzishwa mwaka 2019 kutokana na sehemu ya Pori la Akiba la Selous, mamlaka ni ya TANAPA, yaani Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania, na hakuna mwenyeji wa kijijini, hata awe mwema kiasi gani, anayeweza kuwapa ruhusa hiyo.

Jambo lililobadilisha safari zetu kuliko vifaa vyote ni kumpa mwongozaji madaraka mbele ya watu wote. Vijana wengi wanaofanya kazi hii wanajua kabisa kwamba samaki anakufa mikononi mwa mgeni, lakini wanaona haya kumkatiza mtu mzima aliyelipa, hasa kama ni mzee. Kwa hiyo kabla injini haijawashwa, mimi husimama na kusema kwamba mwongozaji akitamka "rudisha", samaki anarudi, awe amepigwa picha au hajapigwa, na awe ameshikwa na mtoto au na baba mkwe. Mara ya pili tulipokwenda, kijana wetu, mzaliwa wa Mloka, alilitamka neno hilo mara ya kwanza kwa sauti ya chini huku akitazama pembeni, lakini kufikia siku ya pili alikuwa akilisema waziwazi, na hakuna aliyenuna.

Sasa vifaa. Mshipi uwe imara ili samaki afike mapema kabla nguvu hazijamwisha, na sehemu ya mwisho karibu na ndoana iwe waya, kwa kuwa meno ya taigafishi hukata nailoni kama wembe, na akikata, anaondoka na ndoana mdomoni. Kile kijino cha ndoana kinachorudi nyuma kibonyezwe kwa plaizi mpaka kilale kabisa. Utapoteza samaki kadhaa wanaoruka juu na kuitema ndoana, lakini waliobaki utawatoa ndoana kwa sekunde chache. Chambo bandia kinapouzwa na ndoana zenye makucha matatu, zitoeni mweke ya ncha moja. Mkitumia chambo cha nyama ya samaki, tafuteni ndoana za duara, ambazo mara nyingi hushika pembe ya mdomo badala ya kushuka tumboni, na ikitokea imemezwa, kateni mshipi karibu na mdomo, msiivute. Wavu wa kupokelea uwe na nyuzi za mpira, usiwe wa nailoni yenye mafundo, kwa sababu mafundo hukwangua ute unaofunika magamba, na ute huo ndio kinga ya samaki dhidi ya ukungu na vidonda. Kwa sababu hiyo hiyo mikono ilowe kabla ya kumgusa, na samaki asilazwe kamwe kwenye sakafu ya boti iliyopigwa na jua.

Hapa ninatofautiana na ushauri wa wageni. Maelekezo mengi yanayosambaa yanamtaka mvuvi aingie mtoni, apige magoti, amshike samaki kwa mikono miwili akimwelekeza mkondo unakotoka mpaka apate nguvu. Kwenye mito yao hilo halina tatizo. Rufiji ina mamba na viboko, na anayepiga magoti ukingoni, au anayening'iniza mkono nje ya boti, anahatarisha maisha yake. Kwetu samaki hubaki ndani ya wavu wenye mpini mrefu, wavu ukiwa umezama ubavuni mwa boti, na mwongozaji humtoa ndoana kwa plaizi ndefu bila kuzamisha mkono. Watoto hukaa katikati, jaketi zikiwa zimefungwa vifungo vyote, na kanuni ya mikono kubaki ndani haina msamaha hata kwa anayetaka kunawa tu. Kandokando, kwenye maji yaliyotulia yenye majani, kuna hatari pia ya kichocho, kwa hiyo sisi hatuogi mtoni kabisa.

Msimu unaofaa ni kiangazi. Wakati wa masika maji hupanda na kuchafuka, na Aprili 2024 watu wa Rufiji na Kibiti walipatwa na mafuriko makubwa. Siku hizi kiwango cha maji hakitegemei mvua pekee, kwa kuwa mto unapitia kwanza Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022, kwa hiyo mpigieni mwenyeji simu siku mbili kabla, awaambie maji yakoje leo, si yalivyokuwa mwaka jana. Kuvua kwetu ni kuanzia alfajiri hadi saa nne, kisha tena kuanzia saa kumi jioni. Katikati ya siku jua huwa kali, samaki huchoka upesi zaidi, na watoto huanza kugombana. Kutoka Dar tunaondoka saa kumi na moja alfajiri ili tuipite Mbagala kabla ya foleni, tunanyoosha Barabara ya Kilwa hadi Kibiti, kisha tunaelekea magharibi kwa barabara ambayo kila tulipopita ilikuwa ya vumbi na mashimo, hivyo tairi la akiba likaguliwe. Chandarua na dawa ya mbu visisahaulike.

Picha tunapiga, ila kwa utaratibu. Anayevua havuti samaki karibu mpaka mwenye simu aseme yuko tayari, na simu ni moja tu. Samaki huinuliwa akiwa amelala, mkono mmoja chini ya kifua na mwingine kwenye shina la mkia, juu ya wavu na si juu ya boti, huku wote tukihesabu kwa sauti hadi tano. Tukifika tano anazama, hata kama picha imetoka na kidole. Hesabu hii ilibuniwa na watoto, na imewatuliza watu wazima kuliko nasaha zangu zote.

Safari iliyopita, baba mkwe alishika fimbo ya kuvulia kwa mara ya kwanza maishani. Alimwelekeza nahodha nyuma ya mti uliolalia maji, mahali ambapo mkondo unajikunja na kutulia, akasema samaki wakali hupenda kukaa pale wakisubiri vidagaa vinavyoletwa na maji. Alirusha mara nne. Mara ya tano mshipi ukakaza na taigafishi akaruka juu akitikisa kichwa, akaruka tena, na haikuchukua muda akawa ndani ya wavu. Mzee hakutaka ainuliwe. Aliinama juu ya ubavu wa boti, mikono yake ikiwa magotini kama tulivyokubaliana, akayatazama matamvua yakifunguka na kufunga, mwanzoni kwa pupa, kisha polepole, kisha kwa mwendo sawa. "Bado," alimwambia mwongozaji aliyetaka kuushusha wavu. Tukasubiri. Mkia ukaanza kusukuma nyuzi za mpira. "Sasa ana pumzi, baba. Mwachie," mzee akamwambia kijana. Wavu ukainamishwa, na samaki akapotea chini ya maji ya rangi ya chai bila kugeuka ubavu. Binti yangu alibaki akilitazama lile eneo kwa muda mrefu, akikagua kama kuna chochote cheupe kitakachoibuka upande wa chini wa mto, na hakikuibuka.