Moyo wa chaki nyekundu

Mwanangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Unauliza tulifundishaje bila simu, na ufanye nini na wanafunzi wako wasiotaka kunakili, kila ukigeuka ubaoni wanasema, "Mwalimu, tutupie tu kwenye grupu."

Sisi hata ubao tuliutengeneza wenyewe. Tunapasua betri kuukuu za redio, tunatwanga ule mkaa wa ndani, tunachanganya na majani ya maboga, tunapaka. Kitabu kimoja, watoto sita. Chaki nyekundu niliificha kwa ajili ya somo la moyo. Sasa mwaka mmoja nikachora, nikaandika "kushoto" upande wa kushoto wa ubao. Kumbe kwenye mchoro, kushoto kwa moyo ni kulia kwako, kwa sababu unamtazama mtu aliyekuelekea! Darasa zima likanakili kosa langu kwa mwandiko safi kabisa. Wa kumuuliza hakuna. Niligundua mwaka uliofuata, nilipoazima kitabu cha sekondari, na wale watoto walishamaliza la saba, wametawanyika.

Kwa hiyo usinisubiri niseme zamani ndiyo ilikuwa elimu. Mwanao aliponionyesha video ya moyo unaodunda, vali, vile vilango vya ndani ya moyo, zinafunguka na kufunga, niliirudia mara tatu. Miaka 30 nimefundisha kitu ambacho sijawahi kukiona kikifanya kazi.

Ila mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa korona kuanzia Machi hadi mwisho wa Juni, watoto wakaambiwa wasome mtandaoni. Mama jirani ana watoto watatu na simu moja. Simu inatoka naye alfajiri kwenda sokoni, inarudi saa mbili usiku chaji imekata. Nikautoa ubao wangu stoo, nikauegemeza kwenye mwembe.

Kuhusu kunakili: maelezo marefu watupie, hayo hayana maana kuwachosha mikono. Mchoro wachore wenyewe, simu zikiwa mfukoni, ndipo wafungue wajisahihishe. Aliyejikamata mwenyewe amegeuza kushoto na kulia harudii tena. Mimi ni shahidi.

Jumamosi ukija, niwekee ile video kwenye memori kadi. Bando langu linakata kabla damu haijafika mapafuni. Na dawa yangu ya presha imebaki ya siku nne.

Baba yako