Kumtafuta babu aliyekwenda Burma

Ndugu, umeuliza uanzie wapi mtandaoni kumtafuta babu yako wa Machakos, askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) aliyekwenda Burma, sasa Myanmar, katika Vita vya Pili vya Dunia na hakurudi. Anza na tovuti ya CWGC, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita. Kutafuta ni bure. Kama hana kaburi linalojulikana, huenda jina lake limo kwenye mnara wa Rangoon, uliopo katika makaburi ya Taukkyan, Myanmar; una majina karibu 27,000.

Usiandike jina kama mnavyoliandika nyumbani tu. Makarani wa jeshi waliandika walivyosikia, kwa hiyo, kwa mfano, jaribu Mutua, Mutuwa, hata Mtua, kisha jina la baba yake peke yake. Ukipata namba ya jeshi, inakili vizuri. Hiyo haibadiliki kama majina.

Kwa waliobaki nyumbani, pekua Kenya Gazette, gazeti rasmi la serikali; matoleo mengi ya zamani yamo Google Books. Matangazo ya mirathi hutaja marehemu, mahali alipokaa na mara nyingi mwombaji. FamilySearch, tovuti ya kutafuta ukoo, nayo ni bure, ila usitegemee sana miti ya ukoo iliyojazwa na watumiaji.

Na wazee mliobaki nao, warekodi wiki hii. Mtandao utasubiri.