Waache wacheke, nunua ful

Mwanangu,

Salaam. Hapa Kirumba, Mwanza, hatujambo. Mbalamwezi imewaka siku kadhaa na dagaa wameadimika, kwa hiyo leo nina nafasi ya kukujibu vizuri.

Unauliza kama uache fus-ha, hicho Kiarabu sanifu cha darasani, ushike Kiarabu cha mtaani. Wiki ya tano sasa uko Cairo, asubuhi unasoma, na jioni ukimwambia muuza ful, yale maharage yao, ulichosoma anacheka mpaka anaita wenzake. Kusema "sasa", wewe unasema "al-aan", wao "dilwa'ti". Mwalimu kakufundisha kahawa ni "qahwa", mtaani ile qaf wanaimeza, inabaki "ahwa". Na likizo ndiyo hiyo inakwisha.

Usiache. Ada imeshalipwa, hiyo ni sababu moja, lakini ninayo kubwa zaidi.

Mwaka juzi alikuja binti wa Kizungu hapa sokoni Mwaloni, mwanafunzi kama wewe. Akasimama mbele ya meza yangu: "Shikamoo mama. Je, dagaa hawa wanauzwa kwa shilingi ngapi?" Kiswahili kimenyooka kuliko changu! Wabeba mizigo walicheka, mmoja akatua gunia kwanza ndipo aendelee kucheka. Si kwa dharau, mwanangu. Ilikuwa kama taarifa ya habari imeshuka redioni ikaja kununua dagaa. Nikamjibu, "Fungu jero, ukitaka sado tutaelewana." Akabaki ananitazama. Jero, yaani mia tano, haikuwamo kitabuni mwake.

Kesho yake akarudi na daftari. Ukimpa neno moja leo, kesho anakutungia nalo sentensi tatu, maana msingi alikuwa nao. Wiki ya tatu alinipunguzisha bei mpaka nikamwambia aende kwa wengine. Ndiyo maana nasema fus-ha ishike: magazeti na vitabu vya huko vimeandikwa kwa hiyo, na ndiyo itakayokushikia haya ya mtaani yasidondoke. Ila mchana usikae bwenini na daftari. Nenda kwa muuza ful yuleyule kila siku. Mimi nilivuka kutoka Ukerewe na Kikerewe changu na Kiswahili cha darasa la saba. Mteja akinisalimu "mwangaluka" natumbua macho tu. Kisukuma nilikipata kwa mama wa meza ya jirani. Hakunifundisha hata siku moja, nilikaa naye tu, nikamshikia mtoto, nikamchekesha kwa makosa yangu.

Tena umesema treni ya chini ya ardhi ina mabehewa ya wanawake. Sasa unataka darasa gani jingine? Panda, muulize mama yeyote kituo kinachofuata, hata kama unakijua.

Nimecheka uliposema ulimwambia mwalimu kuwa somo ni "rakhis" akadhani unalidharau. Kumbe rahisi yao ni ya bei tu, na ile yetu ya kazi nyepesi wao ni "sahl". Angalia hayo maneno tunayofanana, ndiyo yatakayokuponza kuliko yale mageni. Na hesabu, nakuomba kama mfanyabiashara: ishirini na tano wao wanaanza na tano, "khamsa wi ishrin". Ukisikia khamsa usikimbilie pochi, subiri amalize.

Kuhusu joto sina la kukusaidia. Kunywa maji. Yanayopita hapo chini ya madaraja, mengine yametoka huku ziwani kwetu kupitia Jinja, ila usiyanywe hivyo hivyo kwa kuwa ni ya nyumbani.

Baba yako anasalimu. Anauliza koshari ni kitu gani, maana ulimwambia ni wali, tambi na dengu kwenye sahani moja, na anaona umemdanganya.

Niandikie Ijumaa. Nataka neno kwa neno alichokuambia muuza ful, na wewe ulimjibu nini.

Mama yako